Zamu za Mjomba

Njia ya kushuka kutoka Towelo hadi Morogoro mjini huanza kwenye migomba na kuishia kwenye lami. Tushuke pamoja, ila tupige hatua fupi, maana udongo wa Uluguru ukilowa huteleza, na mvua ya jana usiku haijakauka. Kushoto unasikia Mto Morogoro ukigonga mawe. Kulia kuna shamba la maharage, kisha magimbi yaliyokaa palipo na unyevu, kisha mfenesi mkubwa ambao kila mtoto wa kitongoji ameshaupanda. Nyuma yetu ukungu umeifunika Bondwa, na Lupanga inaonekana nusu. Mbele, chini kabisa, ndio mji: mabati ya viwanda, misikiti na makanisa, miti mikubwa ya upande wa Boma, na mstari mwembamba unaotokea Kingolwira, unapita katikati ya nyumba na kupotelea upande wa Mkata. Hiyo ndiyo Reli ya Kati. Kwa ajili ya mstari huo mjomba wangu alishuka na kupanda mlima huu miaka yote ya utoto wangu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mjomba anatangulia. Miguuni ana kandambili. Viatu vyake vyeusi vya kazi kavifunga kamba kwa kamba na kuvitundika shingoni visiguswe na tope. Koti lake limekunjwa ndani ya kikapu cha ukindu, na juu yake bibi kaweka ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani la mgomba, bado zina joto. Mkono wa kulia kashika taa yake ya kazi, ile yenye vioo vya rangi tatu, nyeupe, nyekundu na kijani, nayo inanuka mafuta ya taa hata ikiwa imezimwa. Siku za Jumamosi niliruhusiwa kumsindikiza hadi stesheni. Nilibeba kikapu, yeye hakuniachia taa.

“Mpwa, usinipite,” alikuwa akisema kila tulipofika penye mteremko mkali. “Ukiteleza, uniangukie mimi.”

Mjomba alikuwa gadi wa treni. Watoto wa mjini walimsifu dereva, kwa sababu dereva hukaa mbele na kupiga honi, lakini sisi tulijua kwamba treni ni ya gadi. Dereva hata awe na haraka kiasi gani haondoki mpaka gadi apulize filimbi na kuonyesha kijani. Gadi hukaa nyuma, kwenye behewa lake, na kitabu anachoandika saa ya kufika na saa ya kuondoka kila stesheni. Kwenye kona huichungulia treni yake, mgongo wote, aone kama kuna gurudumu linalotoa moshi. Usiku huangalia taa ya mkia isizimike. Mjomba alizisema kazi hizo bila kujivuna, kwa sauti ileile aliyotumia kunionyesha jinsi ya kupandikiza mgomba.

Alianza kazi wakati reli bado ni ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 likaja Shirika la Reli Tanzania, na beji zikabadilika. Vifungo vya koti lake la zamani alivihifadhi, vya shaba, vyenye herufi za shirika lililokufa, na siku ya kwenda kazini alivisugua hata kama hatavivaa. Miaka ile madukani hapakuwa na sabuni, sembuse Brasso. Bibi alichekecha majivu ya kuni, akakata ndimu, na mjomba akakaa barazani akisugua kwa kitambaa mpaka vifungo vikawaka. Harufu ya ndimu na majivu iliponijia asubuhi kitandani, nilijua leo ni siku ya zamu.

Tukikaribia mjini tulipitwa na akina mama wa milimani walioondoka kwao kabla ya alfajiri, kabichi, njegere na ndizi kichwani, wakienda Soko Kuu, hili ambalo leo limejengwa upya na kupewa jina la Chifu Kingalu. Walitembea upesi, shingo imenyooka, wakiongea Kiluguru bila kugeuza kichwa. Mjomba alisalimia kila mmoja. Kwenye daraja aliosha miguu mtoni, akaikausha kwa leso, akavaa soksi na viatu. Kandambili zikaingia kikapuni, koti likatoka. Kuanzia hapo mwendo wake ulibadilika. Alinyooka, akawa mtu wa serikali.

Stesheni ilikuwa na hewa yake. Dizeli, chai ya maziwa, karanga za kukaanga, vitumbua vinavyoiva kwenye chuma cheusi, na chuma chenyewe cha reli kikipata jua. Ng'ambo ya barabara ilikuwa Hoteli ya Savoy, jengo la tangu enzi za Wajerumani, ambao ndio walioifikisha reli Morogoro mwaka 1907. Redio ya mahali fulani ilikuwa ikipiga gitaa la Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyefariki Januari 1979 na ambaye mji ulikuwa haujakubali kwamba ameondoka. Upande wa karakana mabehewa yaligongana, moja likisukuma jingine, mlio ukienda mbali na kufifia. Mjomba aliutambua mlio huo na kusema wanapanga treni ya mizigo ya jioni.

Hatukwenda kwenye jukwaa la abiria. Tulipita kando hadi kwenye chumba chenye meza, benchi, saa kubwa ya ukutani na ubao. Kwenye ubao huo ilibandikwa rosta.

Nimekaa ofisi nyingi tangu wakati ule, lakini sijaona karatasi iliyosomwa kwa moyo kama ile. Wanaume wazima walisimama mbele yake kofia mkononi, vidole vikifuata mstari wa majina mpaka mwisho, midomo ikicheza. Nani kapewa abiria, nani kapewa mizigo. Nani anakwenda Dodoma na kulala huko kwenye nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi, nani anashuka Dar es Salaam. Treni ya abiria ilipendwa kwa kuwa saa zake zilijulikana. Treni ya mizigo inaweza kuwekwa njia ya pembeni huko Kidete ikisubiri nyingine ipite, na gadi akaona jua likizama na kuchomoza akiwa palepale.

Rosta ilipangwa na karani, lakini kabla haijapangwa watu walimwendea kuomba. Nilimsikia mmoja akiomba asiwekwe Alhamisi, mkewe anakaribia kujifungua. Mwingine aliomba Dar mfululizo, ana mtoto hospitalini Muhimbili. Waliotumikia muda mrefu zaidi walisikilizwa kwanza, na hilo hakuna aliyelinung'unikia, maana kila mmoja alitarajia kuzeeka. Karani aliandika maombi kwenye daftari kwa penseli. Asiyepata alichopenda alikuwa na njia ya pili, kubadilishana na mwenzake.

Hapo ndipo mjomba alipokuwa tajiri. Alikuwa Mkatoliki, na marafiki zake wawili wa karibu walikuwa Waislamu, mmoja wa Tabora na mwingine wa Ujiji. Kila Idi aliingia kazini badala ya mmoja wao. Kila Noeli wao waliingia badala yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ukiiona rosta ya Desemba ungedhani mjomba atakuwa njiani siku ya kuzaliwa Bwana, kumbe yuko Towelo, amekaa na bibi, pilau limefunikwa na makaa juu ya sufuria, na rafiki yake wa Tabora anapuliza filimbi huko Gulwe.

Akisharidhika na rosta aliitoa kalamu sikioni, akainakili kwenye kipande cha karatasi ya sigara, akanipa. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka nyumbani. Nilipanda mlima nikiwa nimeikunja ndani ya kiganja, na nilipofika niliichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo tulikuwa na alama zetu: mstari uliosimama ni Dar, mstari uliolala ni Dodoma, duara ni siku ya kupumzika. Mke wa mjomba, akiwa anachambua kisamvu, aliinua macho kuutazama mlango huo kabla ya kuamua siku ya kukamua ndizi za pombe, siku ya kupalilia, siku ya kumpeleka mtoto zahanati. Nyumba yetu haikuwa na saa ya ukutani wala kalenda. Ilikuwa na mlango.

Usiku wa zamu bibi hakulala mapema. Kutoka barazani kwetu, anga likiwa safi, uliuona mji wote na tambarare inayoenda mpaka Ngerengere. Treni ya Kigoma ilitoka Dar es Salaam jioni na kutufikia usiku mkubwa. Kwanza ilionekana taa moja mbali, ikijificha nyuma ya miti na kutokea tena. Halafu madirisha yenye mwanga, safu ndefu, yakienda taratibu mno kwa jinsi tulivyoyaona. Iliingia stesheni, ikasimama. Hapo bibi hakusema neno. Tulisubiri mpaka honi ipande mlimani, ikafuata kimya, kisha madirisha yakaanza kusogea kuelekea Mkata, na mwisho kabisa nukta nyekundu.

“Kaondoka,” bibi alisema. “Haya, mume wangu, tukalale.” Ndivyo alivyoniita, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume.

Masika ilikuwa habari nyingine. Toka Kilosa kupanda hadi Gulwe, reli huambatana na mto, na mto ukifurika hula tuta na kuacha reli zikining'inia hewani. Alama ya mkaa ilisema mjomba anarudi Jumatano, na Jumatano ikapita. Mke wa mjomba alipika chakula chake, akakifunika, asubuhi akawapa watoto. Hakuna simu ya kupiga. Aliyeshuka sokoni alipitia stesheni kuuliza, akarudi na jibu lilelile, njia imekatika, watu wa genge wako kazini. Kisha alasiri moja mbwa wa jirani walibweka kwa furaha, na tukamwona anapanda, tope hadi magotini, taa mkononi, viatu shingoni. “Shikamoo mjomba!” tulipiga kelele wote, na aliitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, akitaja jina.

Alikotoka tulikujua kwa kikapu. Kikinuka samaki wa kukaanga na nazi, alikuwa Dar. Kikiwa na maembe, treni ilisimama sana Ruvu. Kikiwa na zabibu, zile nyeusi ndogo zilizofungwa kwenye gazeti, alilala Dodoma. Bibi alikula zabibu mojamoja, akitema mbegu mkononi, na mbegu hizo alizifukia nyuma ya nyumba. Hazikuota kamwe, Uluguru ina mvua nyingi mno kwa zabibu, lakini kila mara alizifukia.

Sasa nikupeleke kwenye pasi.

Mfanyakazi wa reli wa wakati ule, akichukua likizo, alipewa pasi ya kusafiri na familia yake bila nauli. Ilikuwa karatasi tu, yenye muhuri na majina yaliyopigwa taipu. Fomu ya kuiomba ilitaka majina ya mke, watoto na wategemezi. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na shamba la Towelo lilikuwa la bibi kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote. Mtoto wa dada ni wa mjomba. Kula yake, ada yake na adabu yake vinamhusu. Mjomba alijaza fomu hiyo kwa mwandiko wa polepole, na penye wategemezi aliandika mama yake mzazi, akaandika na mimi. Alimwambia mkewe aongezwe kwanza. Mkewe akajibu kama alivyojibu kila mwaka: “Shamba nimwachie nani? Mpeleke mama, mimi nitakwenda zamu nyingine.”

Bibi alichagua Kigoma. Mdogo wake aliolewa na mtu wa reli kutoka Ujiji, akaondoka naye, na tangu miaka ya Uhuru ndugu hao wawili walikuwa wakisikiana kwa salamu za watu wanaopita. Wiki nzima kabla ya safari bibi alikausha ndizi, akasaga unga, akashona mfuko wa nguo wa kuficha pesa. Mimi nilinunuliwa viatu vya Bora, na mjomba alinikalisha barazani kunifundisha.

“Sisi tunapanda kwa pasi,” alisema. “Abiria aliyelipa akikosa mahali, unainuka. Hupigi kelele. Huvai kandambili. Mtu akikuuliza wewe ni nani, unasema ni mtoto wa reli, basi.”

Nilimpenda sana kwa maneno hayo ya mwisho.

Tulipanda usiku. Chumba cha daraja la pili, vitanda vitatu huku na vitatu kule, ngozi ya viti ikinuka vumbi na sabuni ya dawa. Bibi alikataa kitanda cha juu, akalala chini na kitenge chake usoni. Mjomba ndiye hakulala. Alikuwa likizo, amevaa shati la maua, lakini kila stesheni alishusha kioo akatoa kichwa nje kuitafuta taa ya gadi. Kimamba. Kilosa. Munisagara. Alisikiliza filimbi na kutaja jina la aliyeipuliza. Baada ya Kidete alishusha pumzi, akakaa, akasema njia ni nzima.

Kulipokucha nchi ilikuwa imegeuka. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na mgomba, ni mibuyu, udongo mwekundu na ng'ombe wengi wa Wagogo wakisimama kututazama. Bibi alisogea dirishani na hakuondoka hapo mpaka jioni. Saranda, treni inapopanda ukuta wa Bonde la Ufa, watu walituletea kuku wa kukaanga kwenye sinia za bati, moto, na ugali ukiwa umefungwa pembeni. Bibi alibishana bei kwa dakika zote ambazo treni ilisimama, na aliyemuuzia alimwongezea paja kwa kumpenda. Itigi tulipita kwenye vichaka visivyokwisha. Tabora tulinunua asali ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi, na rafiki wa mjomba alikuja jukwaani na watoto wake wote kumsalimia bibi, kwa sababu ya Noeli zile.

Asubuhi iliyofuata reli iliisha. Ndivyo ilivyo Kigoma: mita zaidi ya milioni moja na laki mbili za chuma kutoka bahari ya Hindi, kisha jengo la stesheni, kisha ziwa. Kazi ya kuifikisha hapo ilikamilika mwaka 1914. Mjomba alinionyesha meli ya Liemba ikiwa imefungwa gatini na kunieleza kwamba ilikuja kwenye reli hii hii ikiwa vipande ndani ya masanduku, na kwamba magadi wa zamani walizisikia hadithi hizo kwa wazee wao. Bibi hakutusikia. Alikuwa ameshuka hadi kwenye maji, kaloweka vidole, kaonja. “Hayana chumvi,” alisema, akashangaa kwa sauti. Nyuma yake mwanamke mzee mwenye sura yake alikuwa akitembea upesi sana kwa umri wake, khanga ikimdondoka begani, akimwita kwa jina la utotoni ambalo sisi wote hatukuwahi kulisikia.

Miaka ikaenda. Mabasi yakashinda treni kwa wingi na kwa kasi, reli ikabadilishiwa jina na wenye kuiendesha, treni za abiria zikapungua. Mjomba alistaafu na taa yake. Alifariki nyumbani Towelo, na waliombeba kutoka nyumbani hadi kaburini, kwa zamu, walikuwa wazee wa reli waliopanda mlima kwa miguu, Wakristo kwa Waislamu.

Leo mjomba ni mimi. Binti wa dada yangu ni mhudumu wa ndege. Kituo chake cha kazi ni Dar es Salaam, lakini anaishi Kihonda, karibu na mama yake, na tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, anakwenda zamu kwa chini ya saa mbili, nywele zimefungwa, sanduku dogo la magurudumu mkononi. Rosta yake iko kwenye simu. Kila mwezi huomba siku anazotaka, na waliomtangulia kazini husikilizwa kwanza. Jumapili akija kwangu nakuta anaongea na mwenzake wa Zanzibar, wanapangana, wewe niingilie Pasaka, mimi nitakuingilia Idi. Sikumfundisha mimi.

Naye ana tiketi za ndugu, za nauli ndogo, ambazo humruhusu mtu kupanda ikiwa abiria waliolipa wamekaa na nafasi imebaki. Alipozipata mara ya kwanza alinijia barazani akakaa chini mkekani. “Mjomba, nianze na nani?” aliniuliza. Alitarajia nijitaje.

Nilimwambia aende Towelo, kwa bibi yake, mke wa mjomba wangu, yule aliyeusoma mlango wa jikoni miaka yote na kubaki na shamba ili sisi tulione ziwa. Alikwenda. Akamsikiliza mzee akiuliza shamba atamwachia nani, na akamjibu kwamba mjomba atakuja kulala hapo. Nililala hapo, nikapalilia maharage, na bibi akaruka kwenda Mwanza akiwa amevaa viatu vya kufunga, kwa sababu alikuwa ameyasikia mafundisho ya barazani kuliko mtu yeyote. Alirudi na sangara waliokaushwa, akatugawia, na kabla hata hajakaa alimuuliza mjukuu wake kama ndege hizo zinafika Kigoma. Zinafika, akaambiwa. Basi rosta ya mwezi ujao imeshaombwa, na shambani nitalala tena mimi.